Mboga za Soko Hazina Uzito

Jumamosi moja mwishoni mwa Juni, Tsonka wa kijiji cha Slivovdol aliweka jiwe la kilo upande mmoja wa mzani wake na nyanya upande wa pili, na upande wa nyanya ukabaki juu. Akaongeza nyanya. Ukabaki juu. Akaongeza mpaka zikawa kichuguu, na jiwe la kilo likaendelea kukaa chini bila wasiwasi wowote. Mteja aliyekuwa akisubiri, Evdokia, mwalimu mstaafu anayenunua kwa Tsonka kila wiki, alichukua nyanya ya juu kabisa, akaigeuza, akaiachia. Nyanya haikuanguka. Ilibaki pale ilipoachwa, usawa wa miwani yake, ikizunguka taratibu.

“Mzani wako umekufa,” alisema Evdokia.

“Mzima huu, mwalimu. Jana tu nimepimia maharage.”

“Basi nipimie kwa macho. Nina samaki anaharibika humu kikapuni.”

Tsonka akampimia kwa macho, akatia na nyongeza ya mteja wa siku nyingi, akaufunga mfuko. Mfuko ukapanda. Evdokia akaudaka mpini, akaenda zake mkono juu, mfuko ukimtangulia juu ya vichwa vya watu. Aliowapita walimsalimia kama kawaida.

Kufika saa nne, matango ya meza tatu yalikuwa yamejipanga chini ya paa la bati, na akina mama walikuwa wakiyarudisha kwa mafagio. Walilalamika kidogo, zaidi kuhusu buibui wa huko juu.

Lakini si kila kitu kilipaa, na hapo ndipo palipoanza minong'ono. Tsonka alikuwa na nyanya mbili za rangi ya waridi alizojiletea kwa chakula cha mchana, pamoja na mkate na jibini, na hizo zilikaa mezani na uzito wake wote. Viazi vya Grozdan, jirani yake wa meza, vilipima gramu kwa gramu. Grozdan ni mzee mwenye mdomo usiojua kufungwa. Mtu akimuuliza kama viazi vyake vimepuliziwa dawa, hujibu, “Vimepuliziwa. Mara mbili, kwa sababu ya mbawakawa. Na jana usiku nimevila na siagi.” Kwa majibu ya namna hiyo huwa harudi nyumbani na magunia matupu.

Hapa ni lazima mtu ajue habari ya bustani mbili. Slivovdol kila nyumba inazo. Ya kwanza iko nyuma ya nyumba, karibu na kisima. Hutiwa samadi ya mbuzi, wadudu wake huokotwa kwa mkono, na mazao yake huliwa na wenye nyumba. Ya pili ni mabanda ya nailoni yaliyo ng'ambo ya barabara. Huko hupuliziwa dawa ya ukungu mwanzo wa wiki na dawa ya nondo mwisho wa wiki, na mazao yake huenda mjini. Mtoto wa Slivovdol hujua tofauti hiyo kabla ya kujua herufi: hizi zetu, zile za soko. Mteja akiuliza kama nyanya ni za bustanini nyumbani, hujibiwa ndiyo, kwa sauti ile ile mtu anayoitikia salamu. Hakuna aliyewahi kuona dhambi ndani yake. Baba zao walifanya hivyo, na baba zao walikuwa wakienda kanisani.

Kwa hiyo mpaka adhuhuri akina mama walikuwa wamekwisha kuelewa, ingawa hakuna aliyesema kwa sauti. Kitu ambacho mwenye shamba hawezi kukiweka kwenye sahani ya mwanawe kilikuwa hakina uzito. Dawa peke yake haikuwa sababu, maana viazi vya Grozdan vilikuwa na dawa tele na vimetulia. Wala stika haikusaidia. Milko, dalali mwenye gari la mizigo, ndiye anayelipelekea mboga duka la vyakula vya kilimo hai pale mjini, zile zinazobandikwa stika ya jani la kijani. Siku hiyo alifungua mlango wa nyuma wa gari lake, na karibu shehena nzima ikatoka yenyewe. Zilizobaki ndani ni karoti za mtawa mmoja wa milimani.

Meneja wa soko alipita, akaangalia juu, akaangalia chini. Ni mtu wa kupenda amani. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ametoa uamuzi: vitu vyepesi viuzwe kwa idadi, kila meza ifunikwe wavu, na mawe ya mizani yarudishwe ofisini kwake. Wateja walipokea vizuri. Waliofurahi kupita wote ni wale wanaoishi ghorofa za juu kwenye majengo yasiyo na lifti.

Wiki iliyofuata Tsonka alifanya jaribio. Alichuma beseni la nyanya za bustani ya nyuma, zile za waridi, zilizopasuka mabegani na kupinda kila moja kivyake, akaliweka mbele kabisa mezani. Evdokia aliibonyeza moja.

“Hii ina kovu,” alisema.

“Ina kovu, lakini ionje.”

“Na nzito, mwanangu. Goti langu unalijua.”

Akanunua zile zilizokuwa zikisukumana chini ya wavu, laini, nyekundu, zinazofanana kama vifungo vya koti. Tsonka akarudi na beseni lake nyumbani akapika nyanya za akiba. Moyo ulimuuma njia nzima, mpaka basi lilipofika daraja la kijiji, kisha ukaacha.

Mwezi wa Agosti walaji nao walianza kuwa wepesi. Evdokia alisimama kwenye mzani wa duka la dawa, akasoma alichosoma, akanunua gauni jipya. Upepo wa Septemba ulipoanza, meneja alifungua ofisi na kuwaazima wateja yale mawe ya mizani yaliyokuwa yamekaa bure, ya kutia mifukoni. Evdokia alichukua mawili ya kilo. Aliyabeba moja kila upande ili asitembee mshazari, na aliendelea kununua nyanya pale pale.

Tsonka na mumewe Nayden hawakupungua hata kidogo, kwa kuwa walikula cha bustani ya nyuma. Walikuwa na binti mmoja, Ralitsa, aliyeolewa mjini. Huyo alikuwa hajakanyaga kwao tangu Pasaka ya mwaka uliotangulia. Siku hiyo alikuwa mezani, mwana-kondoo mbele yake, saladi ya bustani ya nyuma pembeni, na dirishani akamwona baba yake akivuka barabara na pampu ya dawa mgongoni. Akaweka uma chini. Akasema kama kitu hakifai kuliwa na sisi hakifai kuuziwa mtu, na yeye hatakula tena cha bustani yoyote kati ya hizo mbili mpaka ziwe moja. Nayden alimwambia ale, mwana-kondoo anapoa. Ralitsa akachukua koti.

Mama yake aliendelea kumpelekea mfuko kila wiki kwa dereva wa basi, kama wafanyavyo wazazi wote wa Slivovdol wenye watoto mjini. Ralitsa aliurudisha kila wiki kwa dereva huyo huyo. Jibini halikuwa likirudi, lakini hilo lilikuwa kati ya dereva na dhamiri yake. Ralitsa alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake alikwenda kuununua kwenye lile duka lenye jani la kijani, kwa bei iliyomfanya mumewe apige mluzi.

Alikuja Septemba katikati, siku ambayo kijiji kizima kilinuka pilipili hoho za kuchomwa. Tsonka alikuwa uani akikoroga lyutenitsa kwenye sufuria kubwa, rojo jekundu la hoho na nyanya ambalo lazima likorogwe bila kupumzika, la sivyo linashika chini. Ralitsa aliingia getini akitembea kwa ncha za viatu. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Kifundoni mwa mkono alikuwa amefunga kamba, na mwisho wa kamba, juu ya kichwa chake, ulielea mfuko wa mboga.

“Una mimba,” alisema Tsonka, akikoroga.

“Nitajifungua Machi.”

“Na umekonda.”

“Sijakonda, mama. Nimepungua uzito. Daktari kanipima, kabadilisha mzani, kanipima tena.” Aliuvuta mfuko chini akaukalia ili usipande. “Nakula vya jani la kijani tu. Tangu nimejua nina mimba sijaonja kingine. Nimekuja uniambie wewe, maana wewe unajua mboga. Nakosea wapi?”

Akaufungua. Zikatoka nyanya, likatoka tango, kikatoka kitita cha vitunguu majani, vyote vikasimama hewani kati yao. Kitita kilikuwa na stika ya jani. Kilikuwa pia kimefungwa uzi wa sufu, mwekundu.

Kila Februari Tsonka husokota martenitsa, nyuzi nyeupe na nyekundu ambazo watu hufunga mkononi siku ya kwanza ya Machi kujitakia afya. Uzi mwekundu unaobaki huutumia mwaka mzima kufungia vitita. Fundo lake ni lake peke yake, anazungusha mara mbili na kupitisha kitanzi kwa chini. Ndilo alilokuwa akifungia nywele za Ralitsa za kwendea shule.

Ralitsa alikishika kitita, akakitazama kwa muda mrefu.

“Hili fundo nalijua.”

Tsonka hakuacha kukoroga. “Milko ananunua kwetu,” alisema. “Sikumuuliza anapeleka wapi.”

“Hukumuuliza.”

“Na yeye hakuniuliza baba yako anapulizia nini. Ndivyo biashara inavyokwenda, Ralitsa. Ningejua ni wewe...”

“Ungefanya nini?”

Tsonka alifikiri. “Ningekupelekea zetu,” alisema, na ndiyo ilikuwa kweli: alikuwa amezipeleka kila wiki.

Nayden alitokea na toroli la kuni. Alimwona binti yake, akaliona tumbo, akavua kofia. Kisha akaziona nyanya zikielea uani kwake, akaivaa tena.

“Usianze,” alisema. “Nikiacha dawa wiki moja tu, nondo wanalimaliza banda. Watu wanataka nyanya mwezi wa Mei, haina doa, rahisi. Mimi ndiye niliyewafundisha kutaka hivyo?”

“Sianzi, baba. Kula hii.”

Aliisukuma nyanya moja kwa kidole. Ilikwenda taratibu, ikavuka juu ya sufuria, ikasimama mbele ya midomo ya Nayden. Nayden alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Aliitazama nyanya. Tsonka naye aliacha kukoroga kwa mara ya kwanza siku hiyo, na lyutenitsa ikaanza kushika chini.

“Nimeshiba,” alisema Nayden.

Ralitsa alilia. Hakulia kwa sauti, alilia tu, na machozi yake yalikuwa mepesi, hayakudondoka. Aliyapangusa hewani kwa kiganja. Kisha akakusanya mboga zake, akaaga, akaenda getini kungoja basi la kurudi. Angeondoka kama alivyoondoka Pasaka ile. Lakini ulivuma upepo kidogo tu, upepo wa kukaushia nguo, na miguu yake ikaachana na ardhi. Akaukumbatia mplamu ulioko getini. Alikaa hivyo, ameushika, akiangalia juu ya ukuta mabanda ya baba yake yaking'aa ng'ambo ya barabara, na akaogopa. Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe.

Basi lilipita. Mama yake alikuja akamshika kiuno, akamrudisha uani, akamkalisha. Akampa kipande cha mkate chenye lyutenitsa ya moto, ya bustani ya nyuma. Ralitsa aliona aibu, akakila. Akaona aibu, akaomba kingine.

Tangu hapo mifuko ya dereva haikurudi. Ilikuwa mizito kuliko zamani, chupa za lyutenitsa, kabichi ya chumvi, vitunguu, maharage, na dereva alilalamikia mgongo wake kila kituo. Desemba visigino vya Ralitsa viligusa chini. Alikwenda kwenye lile duka kuwaambia habari za mabanda ya nailoni, na msichana wa pale alimsikiliza vizuri kabisa. “Wateja wanapenda, dada,” alimjibu. “Wanasema hizi za siku hizi hazichoshi mkono.” Ralitsa alirudi nyumbani akala supu ya mama yake. Kuhusu mambo ya bustani mbili hakusema tena.

Tsonka, kwa upande wake, hakulala vizuri majira yale yote. Hesabu aliyokuwa akiipiga kichwani ilikuwa moja tu: kiasi gani cha mboga zake kiliingia kwa mtoto kabla ya ule mkate wa Septemba. Alimuuliza Grozdan, kwa kuwa Grozdan haongopi.

“Mimi sijui,” alisema Grozdan. “Ila ningekuwa wewe ningeogopa.”

Mtoto alizaliwa siku ya kwanza ya Machi, wa kike. Walimpa jina la Tsvetana. Kwenye jina la bibi walichukua herufi ya kwanza tu, kama wafanyavyo vijana wa sasa wasiotaka jina zima. Alilia kwa nguvu, akanyonya kwa nguvu. Alipowekwa mzanini mshale haukusogea. Muuguzi aliandika kwamba mtoto ni mzima, akampeleka wodini. Siku hiyo ni desturi watoto wote wachanga wafungwe martenitsa mkononi, na muuguzi akamfunga. Kisha akachukua ncha ya pili ya uzi akaifunga kwenye chuma cha kitanda.

“Hawa wengi msimu huu,” alimwambia Tsonka aliyekuwa amesimama mlangoni na maua yake. “Wazuri tu. Hawasumbui hata kuwabeba.”

Vitanda vingi vilikuwa na uzi. Tsonka alivipita kimoja kimoja, akiangalia sura za mama zao, na wawili aliwatambua: walikuwa wateja wake. Walimpungia mkono. Alipofika kwa mjukuu wake alikaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Tsvetana alikuwa amelala juu ya hewa, shubiri moja kutoka kwenye godoro, ngumi zimefungwa. Tsonka aliupima uzi kwa kidole. Muuguzi alikuwa amefunga ovyo. Akalifungua lile fundo, akalifunga upya kwa fundo lake, akazungusha mara mbili na kupitisha kitanzi kwa chini.

“Linashika?” aliuliza Ralitsa, kichwa chake kikiwa kwenye mto.

“Langu halijawahi kufunguka.”

Mwisho wa mwezi korongo wa kwanza alitua kwenye mlingoti wa umeme wa Slivovdol, na watu wakafungua martenitsa zao wakazitundika kwenye matawi ya miplamu iliyochanua, kama kila mwaka. Ya Tsvetana haikufunguliwa. Daktari alisema ataongezeka uzito kidogo kidogo kwa maziwa mazuri, labda atagusa chini atakapofika umri wa shule, na akashauri dirisha lifungwe. Nayden alisikia yote hayo, akakaa jioni nzima na glasi yake ya pombe ya rakia. Asubuhi akavaa pampu, akavuka barabara. Ilikuwa siku ya dawa ya ukungu.

Jumamosi ya pili baada ya hapo Ralitsa alikwenda sokoni na mtoto kumsaidia mama yake, maana mgongo wa Tsonka ulikuwa umeanza kumsumbua tangu majira ya baridi. Uzi aliufunga kwenye mguu wa meza. Matango ya kwanza ya mabanda yalikuwa yakisukumana chini ya wavu, na Milko alikuwa ameegesha mahali pake karibu na lango. Evdokia alikuja, mawe yakigongana mifukoni, akamchekea mtoto, akanunua matango.

Kisha akaja mwanamke kijana, mgeni pale sokoni, koti halifungi tena tumboni. Aliyatazama matango, akatazama viazi vya Grozdan.

“Vimepuliziwa?” alimuuliza Grozdan.

“Vimepuliziwa, mara mbili. Lakini mwenyewe nime...”

Alikwisha kugeuka. “Na haya, mama? Ya bustanini nyumbani?”

Tsonka alifungua mdomo. Alikuwa amejibu swali hilo maisha yake yote. Safari hii alitazama chini, kwenye mguu wa meza, pale uzi ulipoanzia. Mwanamke alisubiri, mkono kwenye tumbo. Grozdan alikuwa amesimamisha mkono juu ya gunia lake, anaangalia.

“Ya nyumbani,” alisema Ralitsa. “Nikufungie mangapi?”

Yule mwanamke alisema manane. Ralitsa akayatoa chini ya wavu moja moja, upesi, akatia na nyongeza, akafunga mfuko. Halafu akakata uzi wa sufu, mwekundu na mweupe, mrefu wa kutosha kutoka mkono wa mtoto hadi mguu wa kitanda, akauviringisha, akampa.

“Na huu ni wa nini?”

“Wa mtoto. Utauhitaji.”

“Bei gani?”

“Ah, bure.”

Mwanamke alishukuru, akasema watu wa kijijini wana roho nzuri, akaenda zake mkono juu. Grozdan aligeukia viazi vyake akaanza kuvipanga upya, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Saa sita ilipopiga, mama na binti walifunika meza, wakatandika kitambaa, wakakata mkate, jibini na vitunguu vya bustani ya nyuma, vizito, vyenye udongo bado. Walikula bila kutazamana. Juu yao Tsvetana aliamka, akanyoosha miguu, na Tsonka akainama kuhakikisha fundo.